Kufa kwa injini ya gari

Kufa kwa injini ya gari (pia huitwa injini kunoki) ni hali ambapo injini huharibika kwa ndani kiasi kwamba haiwezi kuendelea kufanya kazi bila kufunguliwa na kutengenezwa upya, au bila kuondolewa na kuwekwa nyingine. Hali hiyo ni tofauti na gari kuzimika kwa sababu ndogo, kama vile betri kuisha, plagi kuchafuka au pampu ya mafuta kukosa umeme.

Kwa kawaida injini ya gari la kisasa ikitunzwa inaweza kutembea kilomita laki mbili au zaidi. Kwa hiyo injini inapokufa katika gari jipya au karibu jipya, jambo hilo huleta maswali ambayo hayapo katika gari kuukuu: je, kosa ni la kiwanda, la muuzaji, la fundi au la dereva? Ni nani anayepaswa kulipa? Majibu hutegemea sana kile ambacho mwenye gari anafanya katika saa na siku za kwanza baada ya tukio.

Makala hii inaeleza sababu za injini kufa, hasa katika magari yenye injini za nguvu nyingi, hatua za kuchukua, na haki za mnunuzi nchini Tanzania. Mifano mingi inahusu Dodoma na uwanda wa juu wa kati, ambako vumbi, joto, mwinuko na umbali kati ya mji na mji huzidisha hatari.

## Jinsi injini inavyokufa

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka katika silinda. Kila pistoni imeunganishwa kwa konrodi na mhimili mkuu unaoitwa krenki. Krenki huzunguka juu ya beringi za chuma laini. Kati ya krenki na beringi kuna utando wa oili wenye unene wa elfu chache tu za milimita. Utando huo ndio unaozuia chuma kugusana na chuma.

Njia kuu za injini kufa ni hizi:

- Kukosa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au pampu yake ikishindwa, utando hukatika. Beringi huungua, huanza kugonga, na mwisho konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku ya injini.
- Joto kupita kiasi. Maji ya kupoza yakivuja au feni ikishindwa, hedi ya silinda hupinda na gasketi yake huungua. Maji huingia kwenye oili, au gesi ya moto huingia kwenye maji.
- Mlipuko wa mapema. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukilipuka kabla ya wakati wake au kwa ghafla badala ya kuungua kwa utaratibu, pistoni hupigwa kama kwa nyundo. Pistoni hupasuka kwenye sehemu zinazoshika ringi au hutoboka katikati.
- Kuvurugika kwa taimingi. Mkanda au mnyororo unaoendesha kamshafti ukikatika au kuruka meno, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.
- Kuingia kwa kitu kigeni. Vumbi lililopita kwenye kichujio cha hewa husaga ringi na kuta za silinda. Maji yakiingia kwenye silinda huwa mabaya zaidi, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni inayopanda hukwama na konrodi hupinda.

Mara nyingi sababu moja huzaa nyingine. Tundu dogo kwenye rejeta huleta joto, joto hupunguza uwezo wa oili, na oili dhaifu huua beringi. Ndiyo maana uchunguzi mzuri hautosheki na kutaja kilichovunjika, bali hutafuta kilichoanza.

## Kwa nini injini karibu mpya hufa

### Kasoro za kiwanda

Vipande vya injini hutengenezwa kwa vipimo vidogo sana, na kosa dogo kiwandani linaweza kujitokeza baada ya kilomita elfu chache tu. Historia ya karibuni ina mifano inayojulikana.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 kampuni ya Porsche iliwaambia wenye magari ya 911 GT3 ya toleo jipya waache kuyaendesha, baada ya magari mawili kushika moto barani Ulaya. Ilionekana kwamba boliti za konrodi ziliweza kulegea, na konrodi iliyolegea ilivunja bloku. Kampuni iliamua kubadilisha injini za magari yote 785 yaliyohusika.

Mwaka 2018 Ford ilianza kubadilisha gasketi za hedi katika magari ya Focus RS ya miaka ya 2016 na 2017, baada ya wenye magari kuona moshi mweupe na maji kupungua bila kuvuja nje. Gasketi zilizofungwa hazikuwa zile zilizofaa kwa injini hiyo.

Mwezi Mei 2024 Toyota ilitangaza kuyarudisha kwenye karakana magari yapatayo laki moja nchini Marekani, aina ya Tundra na Lexus LX ya miaka ya 2022 na 2023. Sababu ilikuwa mabaki ya chuma kutoka kwenye mashine za kiwandani ambayo hayakusafishwa ndani ya injini, yakaweza kuharibu beringi za krenki. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya General Motors ilitangaza hatua kama hiyo kwa magari yake makubwa yenye injini ya V8 ya lita 6.2, takriban laki sita nchini Marekani. Kasoro ilikuwa katika krenki na konrodi. Injini zilizoonekana na dosari zilipaswa kutengenezwa au kubadilishwa, na zilizofaulu ukaguzi ziliwekewa oili nzito zaidi.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba jina kubwa la kampuni si ushahidi kwamba kosa ni la dereva. Inaonyesha pia faida ya kuripoti: kasoro hugunduliwa pale matukio mengi yanayofanana yanapokusanywa pamoja.

### Makosa ya utumiaji

Injini mpya huhitaji kuzoeshwa. Watengenezaji wengi hushauri kutokukanyaga mafuta hadi mwisho katika kilomita 1,000 hadi 2,000 za mwanzo, ili ringi zikae vizuri kwenye silinda. Makosa mengine ya kawaida ni kupitisha muda wa kumwaga oili, kuweka oili ya uzito usiofaa, kuikimbiza injini ikiwa bado baridi, na kubadilisha programu ya kompyuta ya gari ili kuongeza nguvu. Badiliko hilo la programu huongeza shinikizo la turbo kuliko lile ambalo pistoni zilitengenezewa, na mara nyingi huondoa dhamana ya mtengenezaji.

### Injini zenye turbo

Magari mengi ya mwendo kasi hutumia turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake hutegemea oili ileile ya injini. Ndiyo maana gari la turbo huathirika haraka zaidi oili inapopungua. Beringi ya turbo ikifa, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa au ya oili na kuua injini yote.

Jambo lingine ni petroli. Magari mengi ya turbo yanayoletwa Tanzania yakiwa yametumika yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Gari kama hilo likitiwa petroli yenye oktani ndogo, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, hatari ya mlipuko wa mapema huongezeka. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa tatizo kubwa nchini Tanzania, na mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuubaini.

## Mazingira ya Dodoma na uwanda wa kati

Jiji la Dodoma liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanda hii ni kame kiasi: mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni ya ukavu na upepo. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, magari mengi zaidi husafiri kila wiki kati ya jiji hilo na Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 450. Barabara nyingine kuu huelekea Singida, Iringa kupitia Mtera, na Arusha kupitia Kondoa na Babati.

Mazingira hayo huigusa injini kwa njia nne.

Kwanza ni mwinuko. Katika mita 1,120 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya turbo hurudisha nguvu hiyo kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi, kwa hiyo turbo hufanya kazi kubwa zaidi hapa kuliko Dar es Salaam.

Pili ni kuchemka kwa maji. Katika mwinuko wa Dodoma maji ya kawaida yaliyo wazi huchemka kwenye sentigredi 96 hivi badala ya 100. Injini nyingi hufanya kazi karibu na joto hilo au juu yake. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, unaofungia shinikizo ndani na kuinua kiwango cha kuchemka hadi karibu sentigredi 120. Mfuniko uliolegea, ambao bei yake ni ndogo, unaweza kuua injini ya mamilioni ya shilingi. Kulanti iliyochanganywa vizuri huinua kiwango hicho zaidi na kuzuia kutu.

Tatu ni vumbi. Barabara kuu zina lami, lakini njia nyingi za kwenda vijijini, mashambani na kwenye maeneo mapya ya ujenzi ni za udongo. Vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kama tupa. Kichujio cha hewa kilichopasuka au kufungwa vibaya huzipitisha hadi kwenye silinda. Vichujio vya wazi vya mashindano, ambavyo baadhi ya vijana hupenda kuviweka kwa ajili ya sauti na nguvu, mara nyingi huchuja vibaya zaidi kuliko vile vya kiwandani.

Nne ni makorongo. Wakati wa masika makorongo yaliyokuwa makavu hufurika ghafla. Magari ya mwendo kasi yako chini na mdomo wake wa hewa huwa karibu na barabara. Kuvuka maji yanayofika kwenye bampa kunaweza kuingiza maji kwenye silinda na kupinda konrodi kwa sekunde moja.

## Dalili za hatari

Injini chache hufa bila kutoa taarifa. Dalili kuu ni hizi:

- taa nyekundu ya oili kuwaka injini ikiwa inanguruma;
- mshale wa joto kupanda, au kipasha joto cha ndani kuanza kutoa hewa baridi (dalili kwamba maji yamekwisha);
- sauti ya kugonga inayoongezeka injini inapoharakishwa;
- moshi mweupe usiokoma (maji yanaungua), wa bluu (oili inaungua) au mweusi (mafuta yamezidi);
- oili yenye rangi ya maziwa, au chembe za chuma zinazong'aa kwenye kijiti cha oili;
- nguvu kupungua ghafla na taa ya injini kuwaka au kupepesa.

Taa ya oili haimaanishi tu kwamba oili imepungua. Inamaanisha kwamba presha ya oili haipo. Kuendelea na safari ili kufika gereji ya mbele, hata kama ni kilomita tano, mara nyingi ndiko kunakogeuza hitilafu ya kutengenezeka kuwa kifo cha injini.

## Hatua za kwanza barabarani

Gari likionyesha dalili hizo, dereva hutakiwa kutoka barabarani taratibu, kuzima injini na kuweka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma. Kwenye barabara ya Dodoma ambayo hutumiwa usiku na mabasi na malori, gari lililosimama gizani bila alama ni hatari kubwa kuliko injini yenyewe. Abiria hukaa mbali na lami.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke wake huunguza vibaya. Vilevile maji ya baridi hayamwagwi kwenye injini iliyochemka, kwa sababu hedi au bloku inaweza kupasuka. Injini hupewa nafasi ya kupoa, kwa kawaida nusu saa au zaidi.

Injini iliyozimika baada ya kugonga au kupita majini haipigwi starta tena. Kila jaribio la kuiwasha huongeza uharibifu, na pia huharibu ushahidi wa chanzo. Gari la gia za otomatiki au linaloendeshwa na magurudumu yote manne halipaswi kuvutwa kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Linafaa kupakiwa kwenye gari la kubebea magari. Vinginevyo gia nayo hufa njiani.

Kabla gari halijaondolewa ni vema kupiga picha za dashibodi zikionyesha taa na kilomita, kiwango cha oili, mahali palipovuja na mahali gari liliposimama. Picha hizo huonekana kuwa za bure siku hiyo, lakini ndizo zinazosaidia baadaye pale kila upande unapodai kwamba haukuhusika.

## Uchunguzi wa chanzo

Kosa kubwa ambalo wenye magari hufanya ni kuruhusu injini ifunguliwe na fundi wa kwanza aliyepatikana. Gari likiwa bado ndani ya dhamana, kufunguliwa na mtu asiyeidhinishwa kunaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa dai. Hata pasipo dhamana, injini iliyokwisha kufunguliwa na vipande vyake kutawanywa haiwezi tena kueleza kilichotokea.

Uchunguzi wa kawaida huanzia nje kwenda ndani. Kwanza kompyuta ya gari husomwa kwa mashine. Magari mengi ya kisasa huhifadhi makosa, na baadhi huhifadhi pia joto na kasi ya injini wakati kosa lilipotokea. Kisha oili humwagwa kwenye chombo safi na kichujio chake hukatwa ili kutafuta chembe za chuma. Hufuata kipimo cha mgandamizo wa kila silinda: tofauti kubwa kati ya silinda moja na nyingine huonyesha pistoni, ringi au valvu iliyoharibika. Kamera ndogo huweza kupitishwa kwenye tundu la plagi ili kuona ndani bila kufungua hedi. Sampo hufunguliwa baada ya hapo, na hedi mwishoni.

Mwenye gari au mwakilishi wake anafaa kuwepo injini inapofunguliwa. Vipande vyote vilivyovunjika ni mali yake na vinapaswa kuhifadhiwa. Ripoti ya maandishi, yenye tarehe, kilomita, namba ya injini na sahihi ya fundi, ina uzito kuliko maelezo ya mdomo. Iwapo pande mbili hazikubaliani, mtaalamu wa tatu asiye na maslahi anaweza kuombwa atoe maoni.

## Dhamana na sheria nchini Tanzania

Gari jipya lililonunuliwa kwa wakala rasmi huwa na dhamana ya mtengenezaji kwa muda au kilomita fulani, lolote linalotangulia. Dhamana hudai mnunuzi afanye matengenezo ya kawaida kwa wakati, hivyo risiti za huduma na kitabu cha gari vinapaswa kutunzwa. Gari lililoagizwa moja kwa moja kutoka Japani, Uingereza au Dubai mara nyingi halina dhamana inayotambuliwa nchini, hata kama lina umri wa mwaka mmoja tu. Hata hivyo, iwapo mtengenezaji ametangaza kurudisha magari ya aina hiyo, mwenye gari anaweza kupeleka namba ya chasisi kwa wakala ili kujua kama gari lake limo kwenye orodha.

Kukosa dhamana si sawa na kukosa haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214), inayotumika Tanzania Bara, huweka masharti katika mkataba wa mauzo hata kama hayakuandikwa. Bidhaa inapaswa kulingana na maelezo yaliyotolewa. Ikiwa muuzaji kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, inapaswa kuwa na ubora unaostahili kuuzika. Na kama mnunuzi alimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, inapaswa kufaa kwa matumizi hayo.

Kuna mipaka miwili muhimu. Mnunuzi aliyelikagua gari kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzionyesha. Tena mnunuzi aliyekwisha kulikubali gari, kwa mfano kwa kukaa nalo na kulitumia kwa muda mrefu bila kulalamika, kwa kawaida hawezi kulirudisha. Hubaki na haki ya kudai fidia. Kwa hiyo kasoro huripotiwa mapema na kwa maandishi. Madai yanayotokana na mkataba hupaswa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo.

Ununuzi kutoka kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa magari una ulinzi mdogo zaidi. Hapo jambo kubwa ni kile ambacho muuzaji alisema au kuandika. Muuzaji aliyejua kwamba injini inagonga akaficha kwa kuweka oili nzito anaweza kudaiwa kwa udanganyifu, ila ni lazima udanganyifu huo uthibitishwe.

Mlalamikaji anaweza pia kufika kwenye Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza wafanyabiashara kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na ina vifungu vya kumlinda mlaji.

## Bima

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, hailipi chochote kwa uharibifu wa gari lenyewe. Bima kubwa hulipa hasara ya ajali, moto au wizi, lakini kwa kawaida haihusishi kuchakaa wala kuharibika kwa mitambo. Injini iliyokufa kwa kukosa oili haitalipiwa. Iliyokufa kwa sababu jiwe lilitoboa sampo, au kwa sababu ya mafuriko, inaweza kulipiwa kulingana na maneno ya mkataba. Kampuni inaweza kukataa sehemu ya hasara ikiwa dereva aliendelea kuendesha baada ya sampo kutoboka.

## Kutengeneza au kubadilisha

Chanzo kikishajulikana, kuna njia tatu.

Kufanya ovaholi ni kuifungua injini yote, kuchonga krenki na silinda kwa vipimo vipya, na kuweka beringi, ringi na gasketi mpya. Njia hii hufaa pale bloku inapokuwa nzima na fundi ana vifaa vya kupimia. Katika injini za nguvu nyingi kosa la elfu chache za milimita linatosha kuiua injini tena, kwa hiyo kazi ya kuchonga hupelekwa kwenye karakana yenye mashine maalumu.

Kuweka injini ya mtumba ndiyo njia inayotumika zaidi Tanzania. Injini hizo huletwa kutoka Japani na Dubai na huuzwa hasa katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam. Ni rahisi na ya haraka, lakini historia ya injini haijulikani. Mnunuzi hufaa kudai kipimo cha mgandamizo, risiti yenye namba ya injini na muda wa majaribio ulioandikwa.

Kununua injini mpya au nusu injini kutoka kwa mtengenezaji ni ghali zaidi, lakini huja na dhamana.

Kwa njia yoyote, chanzo cha kwanza lazima kiondolewe. Injini nyingi za pili hufa kwa sababu ileile: rejeta iliyoziba haikubadilishwa, au kipoza oili kilichojaa chembe za chuma kiliachwa.

Kadi ya usajili wa gari huonyesha namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo hupaswa kupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) pamoja na hati za ununuzi. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi huleta shida wakati wa kuuza, kukata bima au kukaguliwa na polisi, hasa iwapo injini hiyo iliwahi kuibiwa.

## Historia katika Afrika Mashariki

Uwanda wa kati ulishuhudia vifo vingi vya injini katika Mradi wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa, mashariki kwa Dodoma, mwaka 1947. Matrekta mapya yalikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo yalinunuliwa mengi yaliyobaki kutoka jeshini. Mengi yalifika yakiwa mabovu. Vipuri vilichelewa, karakana hazikutosha, na madereva walifunzwa kwa haraka. Udongo wa Kongwa, unaosaga chuma, ulimalizia kazi. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kugharimu mamilioni ya pauni. Upungufu wa mvua na mipango mibaya vilichangia pia, lakini Kongwa hubaki mfano wa mitambo kupelekwa mahali ambapo hakuna uwezo wa kuitunza.

Mfano wa upande mwingine ni mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi na joto viliua injini nyingi za magari mapya ya viwanda vikubwa. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Magari ya turbo yalikuja kufaulu baadaye: Toyota Celica ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Baadaye timu ziliinua mdomo wa hewa hadi usawa wa paa ili kuepuka vumbi na maji.

## Kinga

Mambo machache huzuia sehemu kubwa ya vifo vya injini: kuangalia oili na maji kabla ya safari ndefu, kumwaga oili mapema zaidi kuliko kitabu kinavyosema ikiwa gari hutumika kwenye vumbi, kubadilisha kichujio cha hewa badala ya kukipuliza mara nyingi, kutumia kulanti badala ya maji ya bomba, kuweka petroli ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa tangi, kuiacha injini ya turbo ingurume dakika moja au mbili baada ya mwendo mkali kabla ya kuizima, na kusimama mara tu taa nyekundu inapowaka.

Kwa anayenunua gari la nguvu lililotumika kidogo, ukaguzi wa fundi asiyehusiana na muuzaji, ukiwa pamoja na kipimo cha mgandamizo, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya injini.

## Tazama pia

- Injini
- Gari
- Oktani
- Kongwa
- Mkoa wa Dodoma
- Safari Rally